Tuligombania Kiti cha Dereva

Kwa karibu miaka miwili niliendesha pikapu ya kiwanda kimoja cha kufulia nguo huko Queensburgh, pembeni mwa jiji la Durban, na katika muda huo nilimchukia mtu mmoja kuliko nilivyowahi kumchukia yeyote, hata wale walionifukuza kwetu. Naanza na hilo ili msomaji asitafute wema mahali usipokuwepo. Mtu huyo alikuwa dereva mwenzangu. Hakuniibia, hakunigusa, hakunitongoza. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya kiti cha dereva na pedali tatu zilizokuwa mbele yake.

Kiwanda kilifua mashuka na taulo za nyumba za wageni. Pikapu ilikuwa moja tu, nyeupe, ya gia za mkono, yenye turubai nyuma. Mimi niliichukua saa kumi na moja alfajiri nikapeleka mizigo ufukweni na Point, ambako nilikuwa nimepanga chumba. Saa sita mchana nilirudi Queensburgh nikamkabidhi funguo, naye akaenda upande wa kusini mpaka Isipingo, akarudi jioni. Kila siku gari lilikuwa na miili miwili ya kulizoea, na miili hiyo haikufanana hata kidogo.

Mimi ni mfupi. Nikisimama kando ya mlango wa pikapu ile, kioo cha pembeni kilikuwa juu ya macho yangu. Yeye alikuwa mrefu, mkavu, miguu kama ngazi. Umri wake ulikuwa umepita hamsini. Alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Durban, wa ile jamii ambayo mababu zao waliletwa hapa zamani kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Ujanani alikaa Mombasa miaka mitatu akisoma dini, na Kiswahili chake alikitoa huko. Kilikuwa kizuri sana. Alikitumia kama mtu anavyotumia fimbo.

Siku yangu ya kwanza alikaa kando yangu ili anionyeshe njia. Nilinyoosha mguu wa kushoto, nikanyoosha tena, nikamwambia, "Papa, hii gari iko na klachi mbali sana."

Alicheka, akamgeukia mpakiaji wetu, Mzulu wa rika langu aliyefanya kazi kutwa nzima na hivyo aliketi nasi sote wawili kwa zamu.

"Umesikia? 'Iko na'!" Akanirudia mimi. "Gari ina, mama. Gari hainayo 'iko na'. Huko Kongo mlifundishwa na nani?"

Mpakiaji hakujua Kiswahili, lakini alicheka kwa sababu mwenzake alicheka. Kwetu Uvira mtu wa umri ule ni papa, humjibu. Nilijibu moyoni, na nadhani hapo ndipo yote yalipoanza.

Sasa nieleze habari ya pedali, maana asiyewahi kuendesha anaweza kudhani nilikuwa nadeka. Klachi ya pikapu ile ilikuwa imekaa mbali na juu. Ili niikanyage mpaka chini ilinibidi niteleze mpaka ukingoni mwa kiti, nyonga ya kushoto ikijipinda. Nikisogeza kiti mbele kabisa, usukani ulinigusa kifua na mkanda ukanikata shingo. Jioni nilipanda ngazi za nyumba ninayokaa nikishika ukuta. Breki na pedali ya mafuta, kwa upande wao, zilikaribiana mno, kama meno ya mbele. Na juu ya hayo kulikuwa na buti. Kiwanda kilitulazimisha kuvaa buti za usalama zenye chuma puani, kwa ajili ya vile vitoroli vizito vya kupakilia, na buti ndogo kuliko zote walizokuwa nazo stoo ilinizidi saizi tatu. Nilijaza soksi ndani yake. Nikikanyaga breki, ukingo wa buti uligusa mafuta, gari likafunga na kunguruma kwa pamoja.

Mimi nilijifunza kuendesha kwenye lori dogo la kaka yangu, tukibeba mchanga, na niliendesha pekupeku. Ukiwa pekupeku unaisikia pedali kwa nyayo kama unavyousikia unga kwa vidole. Unajua klachi inaanza kushika wapi. Ndani ya buti zile nilikuwa kama kipofu miguuni.

Mwezi wa pili nilikwenda kwa fundi viatu mmoja pale Point, Mkongomani mwenzangu, nikamweleza shida. Alinipima mguu, akaniuliza pedali ina upana gani, akakata vipande vinne vya tairi kuukuu, akavishona kimoja juu ya kingine mpaka vikawa na unene wa mkate. Akanipa na zile bangili za chuma wanazokazia mipira ya maji. Kwa bisibisi nilikifunga kipande kile juu ya klachi kwa dakika mbili. Kesho yake niliendesha mpaka ufukweni nikiwa nimeegemea kiti, mgongo wote, kwa mara ya kwanza. Niliimba njiani. Mpakiaji alinitazama kama mtu aliyelewa.

Saa sita nilimkabidhi gari mwenzangu. Alifungua mlango, akainua kile chuma cha chini ya kiti, akakirudisha kiti nyuma, akaingia, akakanyaga. Kisha akatoka.

"Nini hiki?"

"Ni ya kunisaidia, papa. Mguu wangu haufiki."

"Na wangu unafika mno. Ukiweka dude hili, goti langu linapanda linagonga chini ya usukani. Unataka niendeshe nimejikunja kama panzi?"

Alikuwa na haki. Niliona mwenyewe goti likigonga. Nilimwambia basi akifungue tu akichukua gari, mimi nitakifunga tena alfajiri, na nikamwachia bisibisi ndani ya mlango. Alikifungua. Lakini alfajiri sikukikuta kwenye sakafu ya gari. Nilikikuta nyuma, chini ya mashuka machafu yaliyolowa, na bangili moja imepinda.

Hivyo tukaendelea. Kila alfajiri nilipanda nyuma, nikapekua mashuka ya watu nisiowajua, yanayonuka bia na mafuta ya kujipaka, nikitafuta kipande changu cha tairi. Kila mchana nilimwachia kiti kimesogea mbele kabisa ili naye asumbuke kuchuchumaa na kukivuta. Naye kila jioni alikirudisha nyuma kabisa, akalaza na egemeo, hivi kwamba nikiingia gizani nilianguka kama mtu aliyeingia kitandani. Alibadili vioo vyote, hata kile cha ndani ambacho hakikuhitaji kubadilishwa. Mimi nikaanza kubadili hata redio. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Tulisalimiana kwa vichwa, baadaye hata hilo tukaliacha.

Halafu alfajiri moja kipande hakikuwepo. Nilipekua mashuka yote. Nilikuwa nimechelewa, mzigo wa ufukweni ulikuwa unasubiriwa, nikaondoka bila kuwa nacho.

Njia ya kutoka Queensburgh ina vilima, na kuna roboti moja, ndivyo hapa wanavyoziita taa za barabarani, iliyo katikati kabisa ya mlima. Ikawa nyekundu nikiwa wa kwanza. Nyuma yangu lilikuja lori la kontena likasimama karibu mno, kama wanavyofanya. Kijani kilipowaka nilikanyaga klachi kwa ncha ya buti, nikiwa nimening'inia ukingoni mwa kiti, na buti ikateleza. Injini ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma. Mguu wa kulia ukatafuta breki, ukakanyaga nusu breki nusu mafuta, na breki bila injini ni ngumu kama jiwe. Mpakiaji alipiga kelele kwa Kizulu. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Tulisimama, na kati yetu na lori hapakuwa na nafasi ya mtu kupita.

Dereva wa lori alishuka akaja mpaka dirishani. Aliniuliza kwa Kizulu nani amenipa gari. Nilipomjibu akasikia lafudhi yangu, akaniuliza nani amenipa nchi. Aliendelea hivyo mpaka taa ikawa nyekundu tena na watu wa nyuma wakaanza kumpigia honi yeye.

Saa sita nilimngoja mwenzangu uwanjani.

"Kipande changu kiko wapi?" Sikusema papa.

"Nimekitupa."

"Leo nimekaribia kufa kwa sababu yako."

"Si kwa sababu yangu. Kwa sababu ya miguu yako. Mtu asiyefika pedali akae nyumbani. Hili si gari la marehemu mume wako, hata ulifanyie ukarabati."

Alijua mume wangu amekufa. Nilikuwa nimemwambia mpakiaji, na mpakiaji alimwambia kila mtu. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja.

Meneja alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na hakuwahi kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. Alisikiliza, au alionekana kusikiliza. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba gari ni moja na sisi ni wawili. Tukishindwa kuelewana, atatafuta mtu mmoja awezaye kuendesha kutwa nzima. Nilipotoka, mwenzangu alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa amesikia. Tangu siku ile kila mmoja wetu alijua kwamba mwingine akiondoka, yeye anabaki.

Fundi viatu alinitengenezea kipande cha pili. Kilidumu siku tatu, nacho kikapotea.

Sasa nafika kwenye jambo nililolifanya. Chini ya kiti cha dereva, upande wa mbele, kulikuwa na chuma chembamba, urefu wa mkono, kilichopinda mwishoni. Ukikivuta juu, kiti kinaachia, kinateleza kwenye reli zake. Kilishikwa na pini mbili ndogo. Nilizijua pini hizo kwa sababu siku moja kiliwahi kuchomoka nikakirudisha mwenyewe. Mchana ule niliegesha uwanjani mapema kidogo. Mpakiaji alikwenda kunywa chai. Nilisogeza kiti mbele mpaka mwisho, nikahakikisha kimejifunga, nikachomoa pini kwa bisibisi, nikakitoa chuma, nikakifuta kwa taulo, nikakitia mkobani, pamoja na pini zake, chini ya kitenge changu. Haikuchukua muda.

Zipo siku ninajiambia sikutaka aumie. Si kweli. Nilitaka aumie. Nilitaka akae kutwa moja katika mwili wangu, ajue. Sikufikiria kiasi, hayo tu ndiyo naweza kujitetea nayo.

Alikuja, akafungua mlango, akachuchumaa, akapapasa chini ya kiti. Akapapasa tena. Akainama akatazama. Mzigo wa Isipingo ulikuwa umeshapakiwa na meneja aliita kutoka dirishani kwamba nyumba ya wageni imepiga simu mara mbili. Mwenzangu alijaribu kusukuma kiti kwa mabega. Hakikutikisika. Mwishowe akaingia, akauweka mguu mmoja kisha mwingine, magoti yakapanda pande zote mbili za usukani. Alipokuwa anatoka getini alinikuta nimesimama pembeni nikingoja teksi ya kurudi Point. Alinitazama kupitia kioo. Alijua, na mimi niliona kwamba anajua, na nikafurahi.

Saa tisa nilikuwa chumbani kwangu nakaanga samaki. Simu ikalia. Ni meneja. Dereva amepata ajali Isipingo, amepelekwa hospitali, gari linatembea, niende nikalichukue. Nilizima jiko. Mkoba ulikuwa kitandani na sikuwa nimetoa kitu ndani yake.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa karibu na stendi ya teksi ya Isipingo, mlango wa dereva wazi. Mbele bampa ilikuwa imeingia ndani kidogo, basi. Mpakiaji alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, sigara mkononi, na watu wawili watatu bado wakitazama. Nilimuuliza kilichotokea. Aliniambia kwa Kizulu na Kiingereza, polepole, ili nielewe.

"Teksi ilisimama ghafla mbele yetu. Hatukuwa kwenye kasi. Aliondoa mguu kwenye mafuta aende kwenye breki, na goti likakwama chini ya usukani. Nililiona likikwama. Akavuta, akavuta, halafu tukagonga."

"Na goti?"

Alichukua kijiti chini akakivunja. Ndivyo alivyonijibu.

Aliniambia madereva wa teksi walikuja mbio wakitaka kumpiga. Wakafungua mlango, wakamwona, wakateremsha mikono. Walishindwa kumtoa. Kiti hakikurudi nyuma. Walileta mtaimbo, watu wanne wakakisukuma kiti mpaka reli ikapiga mlio, ndipo wakamvuta, naye alikuwa anasoma dua kwa sauti.

"Eish," mpakiaji alisema, "kile chuma cha kuvutia kiti hakikuwepo."

Niliingia garini. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, mbali nami. Sikuweza kufika pedali hata moja. Nilipaswa kulirudisha gari Queensburgh, na sikuwa na namna nyingine. Nilifungua mkoba mbele ya macho yake, nikakitoa chuma, nikakiingiza mahali pake, nikazisukuma pini kwa kidole gumba. Reli ilikuwa imepinda, lakini kiti kilisogea. Nilipoinua kichwa, mpakiaji alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Alizunguka akapanda nyuma, akakaa kwenye mashuka. Toka siku ile mpaka alipoacha kazi hakuketi tena mbele pamoja nami, hata mvua ikinyesha.

Mwenzangu alirudi baada ya wiki saba, na fimbo. Pia ya goti ilikuwa imepasuka vipande na mguu haukukunjika tena zaidi ya kidogo. Meneja alituita sote wawili ofisini. Alikuwa na fomu mbele yake. Alisema alikagua gari mwenyewe, chuma cha kiti kipo, kwa hiyo maelezo ya dereva kwamba hakikuwepo hayaeleweki. Mwenzangu alimjibu kwa Kiingereza, kwa utulivu, kwamba siku ile hakikuwepo. Meneja alisema tena kwamba kipo.

Hapo mwenzangu akanigeukia mimi. Alisema kwa Kiswahili:

"Mie nakuuliza wewe, si yeye. Chuma kilikuwa wapi?"

"Sijui," nikamjibu.

"Tazama uso wangu uniambie hujui."

Nilitazama meza.

"Anasema nini?" meneja akauliza.

Na mimi nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema anasikitika."

Kiingereza mwenzangu alikijua kuliko mimi, kilikuwa lugha ya shule yake. Alisikia kila neno. Nilingoja akanushe. Alitoa pumzi puani, karibu kama kicheko. Meneja aliandika kwenye fomu kwamba dereva amekiri na anajuta. Akasema kwa kuwa anajuta, hatamfukuza, atampa kazi ya kukunja mashuka ndani. Mwenzangu aliichukua kalamu akasaini. Kisha akasimama kwa shida, na mimi sikumshika mkono.

Nilipata kuendesha kutwa nzima. Fundi viatu alinitengenezea kipande cha tatu, nikakifunga na sikukifungua. Nilipaswa kufurahi. Kwa wiki chache nilifurahi, sitasema uongo.

Lakini chumba cha kukunjia kilikuwa mbele ya mahali pa kupakilia, na mlango wake haufungwi kwa sababu ya joto. Kila mara niliporudisha gari kinyumenyume nilimwona kwenye kioo. Alisimama kutwa, mguu mmoja umenyooka kama mti, akikunja. Hakunitazama. Nikiingia kuchukua mzigo, aliusogeza kwa fimbo yake mpaka ukingoni mwa meza, ili nisikaribie. Siku moja niliacha taulo moja ianguke. Aliiacha sakafuni. Nami nikaiacha. Ililala pale mpaka jioni, watu wakiiruka.

Ilikuwa miezi minane baadaye, mchana. Nilikuja kupakia nikakuta meza haina mtu. Alikuwa kwenye pembe, ameweka mkeka wake mdogo, na juu ya mkeka ameweka kiti cha plastiki. Aliswali ameketi. Palipotakiwa kusujudu aliinamisha mgongo tu, mikono hewani, mguu ule umenyooka mbele yake kama kitu cha mtu mwingine. Mimi ni Mkristo na sijui mengi ya sala yao, lakini najua wanapiga paji la uso chini. Yeye hakuweza tena kufika chini.

Niliacha mzigo. Nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote, tangu kipande cha tairi mpaka mkoba.

Kwa mara ya kwanza aliinua macho. "Kwa nini unaniambia sasa?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Ile fomu imefungwa. Bima imeshalipa. Unataka niwaambie nini, kwamba dereva wangu mmoja alimvunja mwingine?" Alinyoosha mkono. "Funguo."

Nilimpa. Wiki moja nilikaa chumbani Point nikijua nimefukuzwa. Kisha akanipigia simu. Hakuwa amepata dereva, wageni walikuwa wamejaa ufukweni kwa ajili ya likizo, nije. Alinipa barua ya onyo la mwisho iliyosema nimechelewa kazini. Sikuwahi kuchelewa. Niliisaini.

Siku hiyohiyo niliingia chumba cha kukunjia.

"Papa."

Aliendelea kukunja.

"Chuma kile, ni mimi niliyekitoa."

"Najua."

"Nimemwambia bosi."

"Umemwanza yeye, ndipo ukaja kwangu." Aliupiga mkunjo kwa kiganja. "Goti ni la nani?"

Nilimuuliza jambo lililokuwa likinikosesha usingizi: kwa nini siku ile hakunikanusha.

"Nilimwambia chuma hakikuwepo, hakuniamini. Ukasema nasikitika, akanipa meza hii. Nina wanaokula kwangu. Ningesema hapana, ningekwenda nyumbani na fimbo yangu. Usidhani nilikuhurumia."

"Naomba unisamehe."

"Sikusamehe," alisema. Neno hilo kwa Kiswahili linaweza kuwa la jana na linaweza kuwa la leo, na nilibaki nikijiuliza ni lipi. Akanisaidia. "Wala kesho."

"Na vipande vyangu vya tairi?" Sijui kwa nini niliuliza. "Ulivitupa na ukaniona nahangaika."

"Nilivitupa. Na ningekuwa na mguu ningevitupa tena."

Hapohapo hasira yangu ikarudi, mbichi, kana kwamba hatukuzungumza lolote. Nilitamani kumpiga, mzee mwenye fimbo. Nilichukua mzigo wangu nikatoka, na nadhani ukweli nilioutoa siku ile haukumfaa yeye na haukunifaa mimi. Hata hivyo nisingependa kuwa sikuusema.

Mwaka uliofuata aliacha kazi, akaenda kukaa kwa binti yake, mtaa wa Chatsworth. Hakuna aliyemuaga. Kiwanda kilinunua pikapu nyingine, ya gia za kujibadilisha, pedali mbili tu. Watu waliniambia, haya, shida yako imeisha. Ni kweli nyonga ya kushoto haijipindi tena, ingawa bado inauma usiku nikilalia upande huo.

Nilimwona mara moja tu tangu hapo, Jumamosi moja Isipingo. Nilikuwa nimeegesha mbele ya nyumba ya wageni nikishusha mashuka, na tairi za upande wa kushoto zilikuwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, kwa sababu mtaa ule hauna nafasi. Alikuwa anakuja na binti yake, mfuko wa mboga mkononi, mguu ukichora nusu duara kila hatua. Alisimama. Niliacha mzigo nikamsalimu. Alinitazama, akatazama gari, akamwambia binti yake kitu kwa sauti ya chini.

Binti alinijia, akasema kwa Kiingereza cha adabu, bila kunijua mimi ni nani:

"Samahani, mama. Baba anaomba usogeze gari. Hawezi kushuka kwenye ukingo."

Niliingia, nikalisogeza.